Jina Langu Kwenye Paji la Mwalimu

Gari la maiti lilipokata kona kutoka barabara ya Busia na kuingia njia ya vumbi, nilikuwa nimeshapiga goti kando ya ua, kamera jichoni. Ilikuwa Ijumaa alasiri, Seme, chini ya saa moja kwa gari kutoka Kisumu mjini. Mtoto mmoja wa marehemu anafanya kazi Marekani na hakuweza kufika. Alinipata kupitia rafiki yake, akaniomba nimpigie picha za mazishi ya baba yake ili naye aonje kuwepo. Jina aliloniandikia halikunishtua. Majina ya huku kwetu hufanana, na wateja wangu nawahifadhi kwenye simu kwa kazi niliyowafanyia: Harusi ya Dunga, Ubatizo Kondele, Mahafali ya Mwalimu.

Kisha nikaiona picha iliyobandikwa mbele ya gari.

Mwanamume wa miaka sitini na kitu, suti ya kahawia, akitabasamu huku akimwangalia mtu aliye nje ya picha. Mtu huyo nilimjua. Alikuwa binti yake, amevaa joho, amesimama hatua tatu kushoto kwangu. Picha ile niliipiga mimi. Na kuanzia paji la uso la yule mzee hadi bega lake la kushoto lilipita jina la studio yangu kwa herufi nyeupe nene. Chini yake, kifuani, namba yangu ya simu.

Mchana wote ule nilipiga picha za jina langu mwenyewe. Lilikuwa kwenye bango la langoni, limekuzwa hadi herufi moja ikawa na urefu wa kiganja. Lilikuwa kwenye fulana za wajukuu. Lilikuwa kwenye jalada la kijitabu cha ratiba ya mazishi, mikononi mwa kila mama aliyekaa chini ya hema akijipepea nacho. Jeneza liliposhushwa na kuwekwa mbele ya nyumba, fremu iliyosimamishwa juu yake ilikuwa na picha ileile, na pale macho ya Mwalimu yalipotakiwa kumkuta mtu anayemwaga chozi la mwisho, ulipita mkia wa herufi yangu.

Hakuna aliyenilaumu. Sidhani hata kuna aliyenihusisha na picha ile. Lakini mimi nilisoma jina langu mara mia siku ile, na nimekuwa nikiisoma tena siku ile tangu hapo, kila ninapoketi kuandaa picha za mteja kuchagulia. Makala haya, ya alama ya maji, yaani jina la studio tunalolipaka juu ya picha, nayaandikia wenzangu wa kamera, wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingineko, na pia wateja wanaojiuliza kwa nini picha zao huja zimechorwachorwa.

Nieleze ilivyotokea. Mwalimu alikuwa amestaafu. Siku ya mahafali ya binti yake alinikuta nje ya uwanja, akaniita "binti yangu", tukapatana shilingi 6,000 kwa picha za familia nzima. Alilipa 2,500 papo hapo. Jioni nilimtumia picha 11 kwa WhatsApp achague, zote zikiwa na alama, kama nilivyofanya kwa kila mtu. Alijibu kwa sentensi zilizonyooka za mtu aliyesahihisha insha maisha yake yote, kwamba zimempendeza, na salio atakamilisha mambo ya pensheni yakikaa sawa. Nilimkumbusha mara mbili. Baadaye msimu wa harusi ukanimeza, na yeye akaugua, jambo ambalo sikulijua. Salio lilibaki shilingi 3,500. Alipofariki, watoto walitafuta picha nzuri ya baba yao, na nzuri kuliko zote ilikuwa kwenye simu yake, jinsi nilivyoituma.

Jioni ya Ijumaa ile sikubaki kwenye mkesha. Nilimwambia binti yake kwamba narudi mjini mara moja, nikaendesha gari hadi nyumbani Milimani, nikafungua diski ninazohifadhia kazi za zamani. Faili la asili lilikuwepo. Nilimpigia fundi anayenichapishia picha, akiwa ameshafunga duka na yuko mezani na watoto wake, akarudi mjini akainua shata. Tulichapisha nakala moja ya inchi 12 kwa 16, safi, tukaitia kwenye fremu. Kesho yake asubuhi, kabla ibada haijaanza, nilimpelekea mjane pale alipokaa kwenye godoro ndani ya nyumba, amezungukwa na wanawake wa ukoo.

Aliishika kwa mikono miwili. Alipitisha kidole kwenye paji la uso la mumewe, mahali palepale jina langu lilipokuwa.

"Kumbe inatoka?" akasema.

Yeye alidhani picha ilizaliwa hivyo. Wiki nzima aliiangalia akiamini kwamba sura ya mwisho ya mumewe itabaki na mwandiko juu yake milele, na hakuona kama ni jambo la kumuuliza mtu.

Ile alama nene haikuja kwa bahati mbaya. Miaka michache kabla ya hapo nilimpiga picha bibi harusi kwenye mawe ya Dunga, jua likizama nyuma ya mitumbwi. Miezi miwili baadaye nikamkuta kwenye bango la duka la gauni, si duka alilokodisha gauni lake, rangi zimekolezwa mpaka ziwa likawa la zambarau. Mimi sikuulizwa, bibi harusi hakuulizwa. Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa picha ilikuwa "kwenye mtandao tu". Nilirudi nyumbani na hasira, nikatengeneza nembo kubwa, nikaiweka katikati ya kila picha inayotoka kwangu. Aliyeniibia alikuwa mfanyabiashara mmoja. Niliowaadhibu ni wateja wote waliofuata.

Hapo ndipo nilipokosea, na nimekuja kuona kwamba wengi tunakosea hapohapo. Tunaichukua alama ya maji kama kufuli, ilhali ilianza maisha yake kama sahihi.

Bibi yangu wa Maseno ana bati la biskuti lenye picha za zamani. Nyingi zilipigwa studio, zile za pazia lililochorwa na kiti cha kusukwa. Geuza yoyote, nyuma utakuta muhuri wa wino wenye jina la studio na sanduku la posta. Nyingine hazina wino kabisa. Zina chapa iliyobonyezwa kwenye kona ya chini, haina rangi, na huioni mpaka uiinamishe picha dirishani au uipitishie kidole gumba. Mpiga picha yule alijulikana, na sura ya mtu haikuguswa. Watoto tulipocheza na lile bati tulishindana kuitafuta ile chapa kwa vidole huku tumefumba macho.

Na jina lenyewe, alama ya maji, limetoka kwenye karatasi. Watengeneza karatasi wa Fabriano, Italia, katika karne ya 13, walikunja waya mwembamba kwa umbo la msalaba au duara na kuushona kwenye chekecheo lao. Rojo la karatasi lilipotuama, juu ya waya lilikaa jembamba kidogo. Karatasi ikikauka, ukiilaza mezani huoni kitu. Ukiiinua kwenye mwanga, umbo la fundi linajitokeza. Kila Mkenya amewahi kufanya hivyo sokoni. Chukua noti ya shilingi 1000 ya toleo la 2019, iinue juani pale Kibuye, utaona kichwa cha simba kwenye eneo lililoonekana tupu. Mama mboga hahitaji simba yule achapwe katikati ya noti kwa rangi nyekundu ndipo aamini. Anajua wapi pa kuangalia.

Nilijiuliza: picha ya mteja nayo, kwa nini isiwe na simba wake?

Sasa nifike kwenye kazi yenyewe. Kwanza ni mahali. Uso hauguswi, wala mikono ya watu wanaoshikana, wala mtoto mchanga popote alipo. Nilipoanza kupunguza nilikimbilia kona ya chini kulia, kama wengi. Kona haifai. Picha ikiwekwa kwenye wasifu wa WhatsApp hukatwa duara, kwingine hukatwa mraba, na kona ndiyo ya kwanza kuanguka. Anga tupu na ukuta mweupe navyo havifai, kwa sababu alama iliyokaa mahali laini hufutika kwa kidole kimoja. Mimi huitafutia mshono: pindo la gauni linapogusa nyasi, mkunjo wa kitenge, ukingo wa mtumbwi, mahali nyuzi na vivuli vinapokutana. Anayetaka kuifuta hapo itambidi achore upya mkunjo wa kitenge, na akikosea, kila mama wa Kisumu ataona kwamba kitenge kile kina kasoro.

Pili ni kukolea. Alama yangu ya zamani ilikolea asilimia 70. Ya sasa iko kati ya 12 na 18, nyeupe juu ya kivuli na nyeusi juu ya mwanga, na nimeiwekea mchanganyiko ambao hauifuniki rangi ya chini bali unaing'arisha au kuififisha kidogo tu. Upana wake hauzidi sehemu moja ya sita ya picha. Namba ya simu nimeitoa. Anayetaka kunipata atanipata kwa jina, na namba kwenye picha ya mtu inaifanya ionekane tangazo la mganga. Kipimo changu cha mwisho hakiko kwenye kompyuta. Namtumia dada yangu picha, naye hajui kazi hii, namuuliza anaona nini. Akisema "bibi harusi amependeza", nimefaulu. Akianza kwa kusema "hiyo nembo", narudi kuipunguza.

Tatu ni jambo ambalo sikulijua hadi niliposoma kazi ya watafiti wa Google ya mwaka 2017. Walionyesha kwamba ukiweka alama ileile, kwa namna ileile, kwenye mamia ya picha, unampa mwizi ufunguo. Kompyuta inalinganisha picha zote, inatambua kitu kinachojirudia, inakitenga, kisha inakitoa kwenye kila picha na kuacha chini safi. Kilichonishangaza ni kwamba kuihamisha alama huku na huko hakukusaidia sana, wala kubadilisha ukolezaji wake. Kilichoivuruga kompyuta ni kuipinda alama kidogo tofauti kwenye kila picha, mpindo ambao jicho la mtu haliuoni. Tangu hapo kila picha yangu ya kuchagulia ina alama iliyopinda kivyake, kama jina lililoandikwa kwa mkono, ambalo haliandikwi sawasawa mara mbili. Kwa picha 40 za harusi inanichukua kama nusu saa, kikombe kimoja cha chai.

Lakini nisimdanganye mtu. Simu za siku hizi zina kifutio kinachomwondoa mtu mzima aliyepita nyuma ya picha na kujaza mahali pake. Alama nyepesi kama yangu itaondoka ikikutana na mtu mwenye nia na subira. Ile nene pia itaondoka, na katika njia yake itakuwa imewaudhi wote wasio na nia mbaya. Zipo alama zisizoonekana kabisa, zinazofichwa ndani ya pikseli zenyewe, vile vinukta vinavyoijenga picha, na kusomwa na programu maalumu. Google ilianza kuzitumia mwaka 2023 kwa picha zinazotengenezwa na akili bandia. Kwa kazi yangu hazinifai bado, maana mchapishaji wa fulana pale Kondele hana cha kuzisomea.

Kinacholinda kazi kwa kweli ni ukubwa wa faili, na hili linapuuzwa mno. Kamera yangu hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ya kuchagulia naituma ikiwa 1200 kwa 800. Hiyo ni sehemu moja ya 25 ya pikseli zote. Kwa uchapishaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, ile kubwa inafika inchi 20, hii ndogo inakomea inchi 4, ukubwa wa picha ya kutia kwenye Biblia. Inang'aa vizuri kwenye simu, mteja anaiona furaha yake yote, anaituma kwa shangazi Mombasa, na bado akitaka ya ukutani atanirudia.

Ndani ya faili naandika pia jina langu, mwaka na masharti, katika zile nafasi zilizotengwa kwa taarifa za mpiga picha. WhatsApp huzifuta picha ikitumwa kwa kawaida, na pia huibana picha yenyewe. Ikitumwa kama dokumenti, au kwa barua pepe, zinabaki. Naziandika hata hivyo. Ni wino wa nyuma ya picha.

Nilipofika kwenye sheria ndipo nilipoketi chini. Miaka yote nilikuwa nawaambia wateja, kwa sauti ya juu, "picha ni mali ya mpiga picha." Siku moja wakili niliyempigia picha za ubatizo wa mwanawe akanionyesha kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001. Haki huanzia kwa aliyetengeneza kazi, ndiyo. Lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wake, haki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Soma tena polepole, ndugu mwenye kamera. Harusi unazopiga zimeagizwa. Mahafali yameagizwa. Kama hamkuandikiana, ile nembo unayoibandika kifuani mwa mteja inadai kitu ambacho sheria imeshamkabidhi yeye.

Kati yangu na Mwalimu hapakuwa na karatasi yoyote. Tulipeana mkono. Jina nililompaka usoni lilisema "hii ni yangu", na hata hilo halikuwa kweli.

Sasa nina karatasi moja, ukurasa mmoja, Kiswahili upande mmoja na Dholuo upande wa pili. Inasema hakimiliki inabaki kwangu, na mteja ana ruhusa ya kuchapisha, kutuma na kutundika picha zake kwa matumizi ya familia bila kuniuliza tena. Inasema nikitaka kuitumia sura yake kujitangaza nitamwomba kwanza. Inaeleza alama ni ya nini, itakaa wapi, na itaondoka lini. Ulinzi wa picha nchini hudumu miaka 50, kwa hiyo tunayoyaandika leo yatawakuta wajukuu. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 35, inamgusa pia anayefuta taarifa za kielektroniki zinazoonyesha mwenye haki, kwa hiyo alama ndogo iliyokaa vizuri inakuwa ushahidi siku ukigombana na mwenye duka la gauni. Inatosha kuwepo. Haihitaji kupiga kelele.

Kuhusu watoto nitasema machache, kwa kuwa hapo sina mjadala. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, picha ya mtu ni taarifa yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hakuna alama ya maji inayoponya kosa hilo. Picha za watoto zinakwenda kwa mzazi, kwa kiungo chenye nenosiri, basi.

Nina kaka yangu wa kazi Nakuru, mkubwa kwangu kwa umri na kwa kamera, ambaye hatukubaliani. Yeye anapiga picha za sherehe kubwa, siku za zawadi shuleni, mashindano ya riadha, watu mia nne kwa siku moja ambao hatawaona tena. "Dada," aliniambia, "wewe mteja wako unamjua mpaka mama yake. Wangu akipata picha safi, amekwenda." Nimelifikiria sana neno lake, na sehemu yake nalikubali. Mtu anayeuza picha moja moja kwa wapita njia hana siku ya kukutana tena na mteja, na kwake alama lazima ifanye kazi ya mlango. Hata hivyo nilimwomba jambo moja: aiweke kwenye kifua au miguu, uso auache. Alinyamaza kidogo. Wiki iliyofuata alinitumia picha ya mtoto akivuka mstari wa mwisho wa mbio, jina la studio limepita kwenye kaptura.

Wengi huniuliza, sasa wanakulipa? Wanalipa vizuri kuliko zamani, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Zamani nilichukua malipo madogo ya awali nikaiachia alama kazi ya kudai deni. Siku hizi nusu inalipwa kabla sijatoka nyumbani, na nusu siku tunapokaa pamoja kuchagua, iwe ana kwa ana au kwa simu. Kukaa pamoja ndiko kumebadilisha mambo. Mteja akiziona picha zake bila ukuta mbele yake, anazipenda. Akizipenda, anataka za ukutani. Bibi harusi mmoja aliweka picha ya kuchagulia kwenye stetasi yake siku hiyohiyo, alama ikiwa imelala kwenye pindo la gauni lake. Zamani asingeiweka, angeona aibu kuonekana hajamaliza kulipa. Ile alama nene ilikuwa inamtangaza mtu kuwa mdeni mbele ya ndugu zake, na huku kwetu, ambako habari hufika kabla ya aliyeibeba, hilo si jambo dogo.

Mwisho wa ile karatasi kuna kifungu nilichokiandika mimi mwenyewe, bila wakili. Kinasema kwamba ukipatwa na msiba au ugonjwa mkubwa, piga simu saa yoyote, na picha safi ya mpendwa wako utaipata siku hiyo hiyo, salio liwepo au lisiwepo. Nimekisoma kwa sauti kwa kila mteja tangu kipindi kile. Wengine huguna kidogo, hawapendi kusikia habari za kifo wakati wa harusi. Nakisoma. Kimeshatumika mara nne. Mara zote nne sikudai chochote, na mara tatu kati ya hizo salio lililetwa baadaye, na mtu ambaye sikumtarajia.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, familia ya Seme ilifanya ibada ya kumbukumbu, wakaniita. Nilikwenda na kamera lakini bila bei. Picha ya inchi 12 kwa 16 ilikuwa imetundikwa sebuleni, mkabala na mlango, ili kila anayeingia asalimiane na Mwalimu kwanza. Binti yake alinipa bahasha. Ndani mlikuwa na shilingi 3,500, noti tatu za elfu na moja ya mia tano. Nilijaribu kuirudisha, akasema baba yake hakuwahi kuacha deni la duka wala la kanisa.

Mama alitusikia. Aliinuka, akaiteremsha ile fremu ukutani, akaigeuza huku na huku, akaikagua kona zote nne kwa makini.

"Mwanangu, jina lako liko wapi?"

Nikamwambia halipo, nililitoa lote.

"Na wajukuu watajuaje nani alimpiga hivi vizuri?"

Akaulaza mgongo wa fremu juu ya meza, juu ya kitambaa chake cha kufuma, akamtuma mtoto alete kalamu. Niliandika jina langu kwa herufi ndogo kwenye ubao wa nyuma, chini kulia, na tarehe ya yale mahafali. Alinitaka niongeze mahali picha ilipopigwa, nikaongeza. Kisha akaichukua kalamu mwenyewe, na juu ya jina langu, polepole, akaandika la mumewe.